Nani Alichonga Majani ya Southwell?

Mwaka niliosoma Nottingham nilijijengea mazoea ya kupanda basi au treni kila Jumamosi niliyoweza, kwenda mji wowote wenye kanisa la zamani. Sikwenda kusali. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, tena binti wa seremala, na nadhani hilo la pili ndilo lililonipeleka. Ukikulia kwenye karakana huwezi kuingia mahali ukatazama dari kama watu wengine. Unatafuta maungio. Unataka kujua msumari umefichwa wapi.

Southwell ni mji mdogo, na kanisa lake ni kubwa kupita kiasi cha mji wenyewe. Pembeni kuna ukumbi wa pembe nane ambamo makasisi walikutana kujadili mambo yao. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 13, na paa lake la mawe limejishikilia bila nguzo katikati. Hilo peke yake lingetosha kumtoa mtu nyumbani. Lakini watu hufuata majani.

Kwenye vichwa vya nguzo, juu ya viti, kuzunguka mlango, kumechongwa majani: ya mwaloni, ya mzabibu, ya ule mmea unaotambaa ambao maua yake hutiwa kwenye bia. Haya si yale majani ya mapambo, unayochora moja kisha ukalirudia mpaka ukuta uishe. Kila kichwa cha nguzo kina mti wake, na yeyote anayeujua mti huo atautambua. Mishipa ya jani inaonekana, na kingo zimejikunja kama zilizopigwa na jua la saa nane. Mahali fulani nguruwe wanakula tunda za mwaloni zilizodondoka. Kilichonishika zaidi ni nyuma ya majani. Fundi amechimba jiwe kwa ndani hadi jani limekaribia kuachana na ukuta, kivuli kikaingia mgongoni mwake. Kazi ya namna hiyo, patasi ikiteleza kidogo tu, jani linavunjika na huna gundi ya kurudishia. Nilikaa kwenye benchi la jiwe karibu saa nzima, shingo ikauma.

Nikolaus Pevsner, msomi wa Kijerumani aliyehamia Uingereza miaka ya 1930, aliyaandikia majani haya kitabu kizima, The Leaves of Southwell, kikatoka 1945. Hebu fikiria: mwaka ambao nusu ya Ulaya ni vifusi, mtu anachapisha kitabu kuhusu majani ya mawe. Ila hata Pevsner hakuweza kutuambia waliochonga ni akina nani. Majina hayapo.

Na si kwamba makanisa ya Kiingereza yana uhaba wa majina. Yamejaa majina! Askofu fulani amelala hapa, shujaa wa vita fulani na mkewe wamelala pale, mbwa wao wa jiwe miguuni. Dirisha hili lilitolewa na familia fulani. Anayelipa huandikwa, na anayezikwa huandikwa akiwa na uwezo. Aliyelichonga hilo kaburi, yule aliyeamua mbwa awe ameinua sikio moja, hana hata herufi.

Hapo nikaikumbuka Mkunazini, Unguja. Kanisa Kuu la Kianglikana la pale, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lilianza kujengwa 1873, na kazi hiyo ilisimamiwa na Askofu Edward Steere, huyo huyo aliyechapisha Swahili Tales mwaka 1870. Watembeza wageni hawakuachi utoke bila kukuonyesha nguzo fulani fupi karibu na mlango. Zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Husimulia kwamba askofu alikuwa safarini, na mafundi, kwa kutojua, wakazigeuza. Wageni hucheka. Nimekwenda pale mara tatu na mara tatu nimesikia kicheko hicho.

Sasa tazama. Steere amezikwa humo humo ndani, nyuma ya altare, na jina lake linajulikana. Wale mafundi waliochanganya chokoaa na mawe ya matumbawe, waliopandisha kuta na paa lililosimama hadi leo, wanakumbukwa kwa nguzo zilizopinduka tu. Wa Southwell tunawasifu bila kuwajua. Wa Mkunazini tunawacheka bila kuwajua. Kama kuna siku nitaandika kitabu, kitakuwa juu ya tofauti hiyo.

Kanisa la Ely ndilo lililonipa jina, jina moja. Februari 1322 mnara wa katikati uliporomoka. Badala ya kujenga mwingine wa aina ile ile, wakasimamisha wa pembe nane, na juu yake taa kubwa ya mbao, yaani chumba cha madirisha kinachoelea juu ya vichwa vya watu, kikiwa kimebebwa na miti mirefu ya mwaloni. Ukisimama chini yake unahisi kizunguzungu. Sifa kwa kawaida hupewa Alan wa Walsingham, mtawa aliyesimamia majengo. Lakini seremala alikuwa William Hurley, fundi wa mfalme. Tunamjua kwa sababu moja ya kupendeza: alilipwa, na malipo yakaandikwa kwenye hesabu za watawa.

Baba yangu naye ana daftari. Lina majina kwa mamia, yote ya wateja: fulani, kabati, amebakiza elfu thelathini. Milango yake iko Ngamiani, iko Pongwe, mmoja uko Dar kwa mtu mkubwa, na hakuna hata mmoja wenye jina lake. Niliwahi kumuuliza kwa nini asichonge hata herufi mbili kwenye kona. Akasema, “Mlango ni wa mwenye nyumba.”

Hapo hapo Ely kuna kanisa dogo la Bikira Maria, lililomalizika 1349, mwaka wa tauni. Kuta zake zilizungushiwa sanamu ndogo ndogo za mawe. Karne ya 16, wakati wa Matengenezo ya Kanisa, vichwa vilivunjwa, na leo unaona miili tu, mikunjo ya nguo safi kabisa, na juu yake hakuna kitu. Wenye nyundo hawakuwa na haja ya kuvunja mabega. Najua wengi hupaona mahali pa huzuni. Mimi nilikasirika, kwa niaba ya mtu aliyehangaika na zile pua.

Wells nitaipita haraka, ingawa ina yule mtu wa jiwe anayeshika mdomo kwa maumivu ya jino, na wezi wa zabibu wanaofumaniwa na mwenye shamba, tukio baada ya tukio, kama katuni ya gazetini. Nendeni mkaone.

Lakini Ludlow siwezi kuipita. Katika kanisa la Mtakatifu Laurence kuna viti vya kukunja 28 vya mbao. Makasisi walisali wakiwa wamesimama kwa muda mrefu, kwa hiyo chini ya kila kiti kuliwekwa kibao kidogo cha kuegemeza makalio kiti kikiwa kimeinuliwa. Kibao hicho huitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya huruma. Na chini ya kibao, mahali ambapo makalio ya kasisi ndiyo jirani pekee, wamechonga dunia nzima. Mmoja ni wa mwanamke muuza pombe aliyepunja vipimo: shetani amembeba anampeleka motoni, na kikombe chake cha udanganyifu bado anacho mkononi.

Nikampigia picha baba, nikamtumia WhatsApp pamoja na maelezo marefu. Akajibu kwa sauti, msumeno wa jirani ukilia nyuma.

“Mama, hiyo sanamu imegandishwa kwenye kiti, au ni ubao mmoja?”

Sikujua. Nikamuuliza bibi mmoja mzee aliyekuwa akipokea wageni pale. Akaniinulia kiti kingine taratibu, akanionyesha nyuzi za mti zinavyopita bila kukatika. Kiti, kibao na sanamu, vyote vimetolewa katika gogo moja.

“Ubao mmoja, baba,” nikamwandikia.

Kimya kirefu. Halafu sauti nyingine.

“Basi huyo akikosea shingo ya yule mama, anatupa kiti kizima.” Akanyamaza kidogo, msumeno ukaendelea. “Viti vingapi umesema?”

“Ishirini na nane.”

“Lahaula,” akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.