Alama ndizo zilizomchagulia

Jumamosi, 5 Oktoba 2024. Buraza, Burundi.
Mtoto wa kaka amepiga simu usiku kutoka Missouri, Marekani. Mwakani anamaliza sekondari, na anataka udaktari. "Baba mdogo, nishauri." Kwao mtu husoma shahada ya kwanza miaka minne, anafanya mtihani wa MCAT, anaomba nafasi upya, kisha anasoma udaktari miaka minne mingine. Lakini kuna chuo kikuu kule Kansas City ambacho tangu 1971 kinachukua vijana waliotoka sekondari na kuwapa shahada zote mbili kwa miaka sita. Chuo Kikuu cha Brown nacho kina njia ya miaka minane, ila anayepokelewa halazimiki kufanya MCAT.

Nikamwambia kwetu hilo si geni. Vyuo vikuu vya Bujumbura, Makerere, Muhimbili, kijana anatoka sekondari anaingia udaktari. Muhimbili ni miaka mitano, halafu mmoja wa mazoezi. Akanyamaza kidogo. "Mbona huku watu wanaigombania njia hiyo hivi?"

Jibu sikuwa nalo.

Jumatano, 9 Oktoba.
Leo nimempeleka hospitali ya Kibuye mama aliyeshindwa kujifungua. Wamempasua, yeye na mtoto wazima, alhamdulillahi. Nilipokuwa nasubiri karatasi zake nilipita wodi ya watoto. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Hope Africa hujifunzia pale. Mmoja, binti, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda akihesabu pumzi za mtoto, saa mkononi. Mtoto akakohoa, hesabu ikapotea. Akaanza upya. Ikapotea tena. Akaanza mara ya tatu, bila kukunja uso.

Tulipokuwa nje nikamuuliza alianza lini kuutaka udaktari. "Sikuutaka, mzee. Alama zangu za mtihani wa taifa zilikuwa juu, nyumbani wakasema usizipoteze. Nimeupenda hapa hapa, mwaka huu."

Yeye amebahatika. Katika miaka yangu ya uuguzi nimefanya kazi na madaktari ambao hawakuupenda udaktari kamwe. Si watu wabaya. Walichaguliwa na alama wakiwa na miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewaonyesha mlango wa kutokea.

Ijumaa, 11 Oktoba.
Usingizi umekatika, naandika. Naona sasa wanachogombania kule ni utulivu. Kijana hataishi miaka minne akiogopa mtihani mmoja, na miaka miwili iliyopungua ni deni lililopungua. Kwa kaka, anayefanya kazi ghalani zamu za usiku, hilo ni jambo kubwa. Lakini mtoto ana miaka kumi na saba. Ile minane ya kawaida, pamoja na gharama zake, inamwacha ageuke njiani bila aibu.

Kilichonivuta kwa wale wa Kansas City ni kwamba wanafunzi hukutanishwa na wagonjwa mapema, vikundi vidogo chini ya daktari mlezi. Atajijua mapema. Ila aulize kwanza: akigundua mwaka wa pili kwamba udaktari si njia yake, anatoka na nini mkononi?

Jumapili, 13 Oktoba.
Nimempigia. Swali la kutoka ameliandika. Kisha nikamuuliza kama amewahi kukaa na mgonjwa usiku kucha.

"Bibi," akasema. "Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kabla hatujasafiri. Nilikuwa namgeuza upande ili mgongo usichubuke."

Nilikuwa sijui. Mama yangu mzazi, na hakuna aliyeniambia nani alikuwa akimgeuza.