Mzee Aliyeapa: Baiskeli Basi Tena!

Gari lilimgonga mzee mmoja huko Ufaransa, bega likavunjika, akaapa hapandi tena baiskeli. Miaka miwili ikakaa stoo inakula vumbi. Binti yake hakubishana naye. "Baba, twende tukale mchana pembeni ya maji." Kumbe kwenye buti kapakia baiskeli mbili!

Akamshusha Montech, kwenye mfereji wa Garonne, ile njia ya lami inayotoka Toulouse kuelekea Bordeaux, karibu kilomita 200. Wenyewe wanaiita njia ya kijani: magari na pikipiki marufuku. Pembeni maji yametulia, miti kibao, na ni tambarare, hata mvivu anatoboa.

Mwanzoni mzee alikuwa anageuka nyuma kila dakika. Hakuna kitu. Bata tu. Baadaye akaacha kugeuka, na binti aliyekuwa nyuma yake akajifuta macho kimyakimya.

Moissac wakafika saa nane, jikoni zimeshafungwa (vijijini kule ukichelewa, imekula kwako). Wakaambulia mkate na zabibu, ambazo ndizo sifa ya mji wenyewe. Binti akatoa simu aangalie treni ya kurudi.

"Treni ya nini?" Mzee kashavaa helmeti.