Lenzi ya Usiku wa Kupamba

Niliponunua kamera yangu ya kwanza ya dijitali, Nikon D3200, mapema mwaka 2013, wanawake waliopiga picha za harusi katika Mji wa Kale wa Mombasa niliowajua walikuwa wachache sana, na kazi ilikuwa inatungoja. Harusi zetu zina pande mbili. Wanaume wana nikahi yao msikitini, na picha zake hupigwa na yeyote mwenye kamera. Upande wa pili ni kupamba, usiku wa wanawake peke yao. Bi harusi huketi jukwaani akatazamwa, asumini kichwani, dhahabu kifuani, hina na piko kutoka ncha za vidole hadi viwikoni. Mabuibui huvuliwa. Simu nazo zilikuwa zimeanza kuachwa mlangoni miaka hiyo. Mwanamume haingii humo, na ndiyo sababu kabati nyingi za nyumba zetu zina albamu za nikahi na hazina hata picha moja ya kupamba.

Mjomba wangu aliwahi kuwa na studio ndogo enzi ya filamu. Akina mama walimjia wakimwomba awatafutie mpigaji wa kike, naye alikuwa akiwaeleza kwamba mpigaji hakuwa shida peke yake. Filamu lazima isafishwe, na anayesafisha huona. Picha ya binti asiye na buibui ingepita mikononi mwa fundi wa chumba cha giza, iningʼinizwe ikauke, ikatwe, itiwe bahashani, na yote hayo hufanywa na mtu asiyemjua binti huyo wala mama yake. Familia nyingi ziliona afadhali zikose. Kamera ya dijitali ndiyo iliyoondoa mikono hiyo ya katikati. Natoka ukumbini na kadi, naihamisha kwenye kompyuta yangu nyumbani, nampa mama wa bi harusi kila kitu, kisha nafuta mbele yake. Kwangu jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko megapikseli zote 24 zilizotangazwa kwenye boksi.

Basi kamera nilikuwa nayo. Kilichonikwamisha kilikuwa mwanga.

Lenzi iliyokuja na kamera ilikuwa ile ya kawaida, 18-55mm, f/3.5 hadi f/5.6. Mchana, uani au ufuoni, ni lenzi nzuri, nami hadi leo huitetea mbele ya wanaoidharau. Usiku ndani ya ukumbi wenye mapazia mazito na taa za rangi ni habari nyingine. Ukiivuta hadi 55, tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6, na katika hesabu hii namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Kwenye kumbi zetu nilijikuta nimepandisha ISO hadi 6400, kikomo cha kawaida cha kamera ile, na bado shata ilikuwa 1/30 ya sekunde. Kwa kasi hiyo aliyeketi hutoka vizuri akitulia. Lakini nani hutulia kwenye kupamba? Wanawake wanacheza chakacha, wanapiga vigelegele, wanamwinamia bi harusi kumbusu. Picha zilitoka na viuno vya ukungu, na kwa ISO ile mistari myembamba ya piko, ambayo mpambaji aliichora kwa saa nyingi, ilipotelea ndani ya chembechembe.

Watu waliniambia lenzi yangu ina VR, ile mitambo ya kutuliza mtikisiko, kwa hivyo nina wasiwasi wa bure. VR hutuliza mkono wangu mimi. Anayecheza mbele yangu haimhusu.

Flashi ilikuwapo juu ya kamera, na niliijaribu. Mwanga unaotoka usawa wa macho hupausha hina, hufanya dhahabu itoe madoa meupe, na jasho la usoni, ambalo Mombasa halikosekani, linangʼaa mpaka uzuri wa sura unaondoka. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alinishika mkono akaniambia, “Mwanangu, mbona watupiga radi?” Niliizima, na kwenye kupamba sijaiwasha tena.

Kwa hivyo nilijua ninachokitafuta: lenzi yenye tundu kubwa, kwa pesa nilizonazo. Pesa zenyewe zilikuwa zamu yangu ya chama, na hazikuwa nyingi. Zumu ya Nikon ya 17-55mm yenye f/2.8 ilikuwa zaidi ya dola 1,000, yaani ghali kuliko kamera yenyewe pamoja na lenzi yake. Zilizobaki ni zile zisizovutika, za umbali mmoja, zenye f/1.8. Wingi wa mwanga hufuata mraba wa namba hizi, na ukipiga hesabu, f/1.8 hupokea karibu mara kumi ya mwanga wa f/5.6. Pale nilipokuwa na ISO 6400 na shata ya 1/30, ningeweza kushuka hadi ISO 3200, nipande hadi 1/100, na bado nibaki na akiba kidogo. Nilipoiona hesabu hiyo kwenye karatasi nilifurahi sana, kwa sababu tofauti kati ya 1/30 na 1/100 ndiyo tofauti kati ya ukungu na uso wa mtu anayecheka.

Likabaki swali la umbali: 35mm au 50mm? Hapa karibu kila mtu alikuwa na jibu moja. 50, wakasema, ndiyo lenzi ya kwanza ya kila mpigaji. Rafiki yangu mwenye Canon alikuwa na ile 50mm f/1.8 II, iliyotoka 1990, ya plastiki hadi pete ya kushikia, yenye kelele inapofokasi, na picha zake zilikuwa safi kabisa. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko lenzi yoyote ya kampuni hiyo. Mjomba naye alikuwa na 50 yake ya zamani ya Nikon, ya chuma, ambayo ilimlisha miaka yote ya studio. Aliitoa kabatini, akaipuliza vumbi, akanipa.

Ile lenzi ya mjomba iliingia kwenye kamera yangu bila tabu, kwa kuwa Nikon walikuwa hawajaacha mlango wao wa F tangu 1959. Kamera haikuweza kuipimia mwanga wala kuifokasi, ikanibidi nifanye yote kwa mkono, lakini ilinionyesha nilichotaka kukiona. Nilisimama sebuleni kwa mjomba nikamlenga, naye akajaa kwenye fremu kuanzia kifua hadi kofia. Yeye alishangaa. Kwenye kamera yake ya filamu, mahali pale pale, 50 ingemchukua yeye na kochi na nusu ya dirisha. Sababu ni ukubwa wa kinachopokea picha. Kipande cha filamu kina milimita 36 kwa 24. Sensa ya D3200 ina takriban 23 kwa 15, kwa hivyo inakata kingo na kubakiza katikati. Kwenye kamera kama yangu 50 huona kama 75 ilivyoona kwenye filamu, na 35 huona kama 52. Kumbe lenzi waliyoisifu wazee, ile iliyoona karibu kama jicho la mtu, kwenye kamera yangu iliitwa 35.

Hata hivyo hesabu ya sensa haijui ukubwa wa vyumba vyetu, na mimi nilitaka kujua kabla sijatoa shilingi. Binamu yangu alikuwa anaolewa. Nilichukua lenzi yangu ya 18-55, nikaisogeza katikati ya alama za 45 na 55, nikafunga pete kwa utepe isisogee, nikapiga sehemu ya kwanza ya usiku hivyo hivyo. Baadaye nikabandua utepe, nikaiweka kwenye alama ya 35, nikafunga tena. Sikujali kama picha zina ukungu; nilikuwa natafuta mahali pa kusimama. Ukumbini, kwa 50, picha nzuri ya bi harusi na mama yake jukwaani ilinitaka nirudi nyuma hadi katikati ya wachezaji, na mara watu wakapita mbele yangu. Na kabla ya ukumbi kuna chumba cha kupambia. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene na vyumba vyembamba. Bi harusi ameketi kitandani, mpambaji kando yake, shangazi wawili watatu wamesimama, na kwa 50 mgongo wangu ulikuwa umeshika mlango huku nikipata uso na bega tu. Kwa 35 niliwapata wote, pamoja na kioo na sinia la asumini. Nyumbani niliziangalia picha za harusi zilizotangulia, maana kila picha ya dijitali huhifadhi umbali uliopigiwa, na picha za ndani nilizozipenda zilikusanyika kati ya 28 na 40. Baada ya hapo sikuuliza mtu tena.

Nilipanda basi la usiku kwenda Nairobi, kwa kuwa nilitaka kuishika lenzi kabla ya kuilipia. Kwenye duka moja katikati ya jiji, kijana muuzaji alinitolea kwanza 50mm f/1.8D. “Chukua hii, dada, bei yake ni ya chini, na ni Nikon, itaingia tu.” Kuingia ingeingia. Lakini lenzi za Nikon zenye herufi AF peke yake hazina mota ndani. Husukumwa na mota ya kamera, na kamera ndogo kama D3100, D3200 na D5100 hazina mota hiyo. D90 na D7000 zinayo. Kwenye kamera yangu ningefokasi kwa mkono, gizani, kwa f/1.8, mbele ya mtu anayecheza. Nilimwomba yenye AF-S, ambayo ina mota yake ndani. Aliniletea 50mm f/1.8G, iliyotoka 2011, na 35mm f/1.8G, iliyotoka 2009 kwa bei ya takriban dola 200 huko Marekani. Hiyo ya pili ilikuwa nyepesi, gramu 200 hivi, na kichujio chake ni cha milimita 52, sawasawa na kile nilichokuwa nacho kwenye lenzi ya mwanzo.

Alikuwa nayo pia 35 ya mkono wa pili, kwa bei iliyonivuta. Niliifungua tundu lote, nikaimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, nikatazama kwa mbele. Pembeni mwa kioo cha ndani palikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe zilizotandaa. Kuvu. Sisi wa pwani tunaijua. Unyevu wetu huila lenzi ikiwa imefungwa kwenye mkoba wake, na ikishaota huchora kioo kiasi kwamba hata fundi akiisafisha alama hubaki. Niliirudisha, nikachukua mpya. Nyumbani niliiwekea chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wapigaji wengi wa bara hawana haja ya taratibu hiyo. Mombasa ni lazima.

Kabla ya kuipeleka kwenye kazi niliizoea kwa wapwa zangu, jioni, chini ya taa ya sebuleni. Kwa f/1.8, ukiwa mita moja kutoka kwa mtu, sehemu iliyo kali ni sentimita chache tu: jicho la karibu linaonekana kila ukope, sikio limeshayeyuka. Kwa uso mmoja hilo ni pambo. Kwa bi harusi na mama yake waliokaribiana mashavu, nilijifunza kufunga tundu hadi f/2.8 na kuwapanga usawa mmoja. Niligundua pia kwamba taa za mirija hupepesa, mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa 50Hz, na shata ikiwa kali kupita 1/100 picha moja hutoka ya manjano na inayofuata ya kijani. Na 35 haifai kusogezwa sana usoni, pua hukua. Unarudi nyuma hatua moja, unakata kingo baadaye kwenye kompyuta, na megapikseli 24 zinavumilia.

Usiku wa kwanza wa kazi nilioifanya kwa lenzi hiyo ulikuwa Majengo. Leso ya kisutu ya bi harusi ilitoka na wekundu wake, weusi wake na weupe wake. Piko ilionekana hadi kwenye kucha. Lakini nilichokuwa nakitaka zaidi kilikuwa mwendo wa chumba, na nilikipata: mstari wa wachezaji wa chakacha, leso zimefungwa viunoni, vinywa wazi kwa kigelegele, kila uso unatambulika. Mama wa bi harusi alizipitia picha moja moja kwenye kompyuta yangu, akasimama kwenye picha ya mama yake mwenyewe, bibi wa bi harusi, anacheza. Aliniambia hawakuwa na picha yake nyingine isiyo ya kitambulisho.

Kazi ziliongezeka, na 50mm f/1.8G niliinunua baadaye kwa pesa za picha, kwa ajili ya bi harusi peke yake akiwa jukwaani, ukumbi ukiwa mkubwa wa kutosha. Ni lenzi nzuri mno kwa uso. Lakini kama ningeianza hiyo, chumba cha kupambia kingenishinda, na hicho ndicho chumba ambacho akina mama walikuwa wananiitia.

Sasa mpwa wangu mmoja naye ameingia kazini, na kamera isiyo na kioo cha ndani, ya mlango mpya wa Z. Ameniuliza anunue lenzi gani kwanza. Adapta ya Nikon, FTZ, inaziendesha lenzi zangu zote mbili na zinafokasi kwake bila shida, lakini sikumpa mara moja. Nimempa utepe. Ijumaa ana kupamba huko Kisauni, nyumba ya ghorofa mpya yenye sebule pana, na huenda jibu lake lisiwe langu.