Unajisi wa Mbwa Hauondoi Huruma



Sisi tuliolelewa mwambao wa Afrika Mashariki, katika madhehebu ya Imamu Shafi, tumefunzwa tangu udogoni kuwa mbwa ni najisi, na kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo naishika mpaka leo, na mbwa simfugi. Lakini hapa Uingereza nimejaaliwa jirani ambaye kazi yake imenifanya nifikiri hukumu hiyo inakomea wapi.

Jirani huyo ni muuguzi mstaafu, naye yumo katika kikundi cha watu wa kujitolea wanaookoa mbwa waliotupwa. Kikundi hakina jengo. Kina simu, magari ya wanachama na vyumba vya nyumba zao. Kwa sheria ya mwaka 1990, mbwa aokotwaye njiani hukamatwa na ofisa wa halmashauri, akawekwa siku 7 kumngojea mwenyewe. Tangu mwaka 2016 kila mbwa aliyepita wiki 8 hutakiwa awe na chipu chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele, yenye nambari ya kumtafutia mwenyewe. Siku hizo zikipita bila ya mtu kutokea, halmashauri yaweza kumuuza, kumtoa, au kumuua. Hapo ndipo kikundi kinapoingia: mmoja humtoa, wa pili humsafirisha nusu ya njia, wa tatu humpokea.

Daktari wa wanyama humchanja, humpa dawa ya minyoo na kumhasi. Kisha mbwa hukaa kwa mlezi wa muda, ambaye humchunguza: Je, anaogopa sauti ya mwanamume? Anastahamili watoto na paka? Aweza kuachwa peke yake? Wala hapewi yeyote ajaye kumtaka. Nyumba hutembelewa, ua hutazamwa kama una mwanya, na wenyeji huulizwa nani hushinda nyumbani. Hutoa mchango wa gharama, na hutia saini kwamba wakishindwa watamrudisha kwa kikundi, wasimpe mtu mwingine. Mimi niliyesomesha miaka mingi nimeiona hii kuwa ni kazi ya ualimu hasa: kumjua mwanafunzi kwanza, ndipo kumchagulia darasa.

Msimu wa baridi uliopita jirani aliletewa mbwa mweusi, mzee, aliyekimbilia chini ya meza kila aonapo ufagio. Bibi yule akaacha kufagia mbele yake. Kila jioni alikaa sakafuni akisoma gazeti, asimguse. Wiki ya tisa, alinieleza, mbwa alitoka mwenyewe akamlazia kichwa gotini. Leo anaishi na wazee wawili.

Mjukuu wangu alipomwona akipita na kamba yake, aliniuliza, “Babu, kwani mbwa ana dhambi gani?” Nilimjibu kuwa hana dhambi yoyote. Najisi ni hukumu ya twahara yetu sisi. Yatuambia la kuosha kabla ya sala, wala haitupi ruhusa ya kumrushia jiwe. Nikamkumbusha hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya msafiri aliyeteremka kisimani, akajaza maji hofu yake ya ngozi, akaishika kwa meno ili apande, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Msafiri yule hakuambiwa kwanza amwingize mbwa nyumbani mwake.

Mwaka 1860 bibi mmoja, Mary Tealby, alipofungua makao ya mbwa waliopotea huko Holloway, London, alidhihakiwa magazetini kwa kuwahangaikia mbwa. Makao yale yalihamia Battersea mwaka 1871, na mpaka leo yapo.

Nasi lipo tuwezalo, bila ya kuvunja hukumu yoyote. Taulo na mablanketi makuukuu tunayoyatupa, makao ya mbwa huyahitaji. Tukimwona mbwa anatangatanga, tuipigie simu halmashauri. Na watoto wetu, wanaosoma darasa moja na wenye kufuga mbwa, tuwafunze kujiepusha na mate yake kwa utulivu, bila ya mayowe wala mateke. Wataishi na majirani hawa miaka mingi baada yetu, na majirani huitazama dini yetu katika mikono yetu.

Wabillahi tawfiq.