Karatasi ya Safari: Kutoka Kisauni Hadi Kisiwa cha Changuu



Ndugu zangu katika imani, na hasa kina mama ambao ndio wasomaji wa kwanza wa ukurasa huu, juma hili naomba ruhusa niliweke kando darasa letu la kawaida niwasimulie safari. Ilipangwa Kisauni, ikavunjika Kisauni, na ilipotimia haikuwa tena safari ile tuliyoikusudia. Nimechelewa kuiandika kwa sababu kila nilipoitaja, mwenzangu wa nyumbani alinyamaza, nami nikafahamu kuwa donda bado ni bichi. Sasa amenipa idhini.

Mkaazi wa Kisauni hana haja ya kuelezwa jinsi Unguja ilivyo karibu na nyoyo zetu. Hapa Mwandoni, Mlaleo na Barsheba si ajabu kukuta nyumba yenye mjomba Unguja na shangazi Pemba. Wageni wa Ulaya huenda visiwani kulala hotelini na kuota jua. Sisi likizo yetu ni kulala sebuleni kwa jamaa, kula urojo Forodhani jioni, kuwaachia watoto bahari, na kuzuru makaburi ya wazee. Kwa hiyo masharti yaliyowekwa kwa ajili ya watalii wakati wa korona yalitufika na sisi pia, mpaka ndani ya nyumba.

Mtakumbuka jinsi ilivyoanza. Machi 2020 shule zilifungwa, na misikiti ikafuata. Kuanzia tarehe 8 Aprili haikuruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa, na amri hiyo ikadumu hadi mapema Julai. Sisi tuliozoea kuvuka daraja la Mtwapa kama mtu avukaye uwanja wa nyumba yake, tukawa tunalitazama kwa mbali. Ramadhani ile tuliswali tarawehe majumbani, baba akiwa imamu wa wanawe. Mwezi wa Mei Kenya ikaufunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikaruhusu mizigo tu, na madereva wa malori wakawa lazima wapimwe. Agosti, Kenya ilipofungua tena safari za ndege za kimataifa, Tanzania haikuwamo katika orodha ya nchi zilizoruhusiwa. Tanzania nayo ikazizuia ndege za Kenya hadi Septemba. Watu wa damu moja wakawa wanasubiri wakubwa wapatane.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Tanzania, iliyokuwa na masharti mepesi hapo kabla, ilitangaza mwezi wa Mei 2021 kuwa msafiri aingiaye awe na cheti cha kipimo cha PCR kilichofanywa ndani ya saa 72. Wengine walipimwa tena wafikapo, kwa gharama yao. Kenya nayo ilidai cheti kwa anayerudi. Anayesafiri peke yake aliweza kuyabeba hayo. Mwenye mke na watoto watatu alipiga hesabu ya vichwa vitano, kwenda na kurudi, akaona vipimo vimeipita nauli ya basi na boti.

Hata hivyo tulinuia kwenda katika likizo fupi ya Disemba 2021. Watoto walikuwa wamechoka na mihula iliyobanwa ili kufidia miezi ya kufungwa kwa shule. Lakini sababu kubwa ilikuwa mama mdogo wa mke wangu, anayekaa Unguja, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Alikuwa mtu mzima sana, kifua kikimsumbua, na kila akipiga simu swali lake lilikuwa moja: mtakuja lini?

Tulikwenda kupimwa siku ya Jumatatu asubuhi. Mahali penyewe sitapataja. Tuliahidiwa majibu jioni ile. Jioni ikapita, na Jumanne nayo ikapita. Basi letu lilikuwa la Jumatano alfajiri. Wale waliopata kusubiri karatasi za namna hii wanajua hali ya nyumba: mabegi mlangoni, vitumbua vya njiani vimeshafungwa, na baba anatazama simu kila baada ya dakika. Saa nne za usiku majibu yakaja. Wanne tulikuwa salama. Binti yetu mkubwa alikutwa na ugonjwa.

"Baba, mimi sina hata mafua," akasema, na machozi yakamtoka.

Nami niliona shaka. Nilikuwa namjua mtu aliyepimwa siku moja mahali pawili akapewa majibu mawili tofauti. Usiku ule ule nikampigia simu kijana mmoja anayejua mambo ya safari, nikitaka ushauri. Akacheka akaniambia, "Sheikh, hiyo ni karatasi tu. Nitumie jina la binti, kabla ya alfajiri utakuwa na nyingine." Akataja bei, na ilikuwa ndogo kuliko ile niliyolipa kwa kipimo cha kweli.

Nakiri mbele yenu kwamba sikumkatalia papo hapo. Mimi ninayewasomesha watoto wenu habari za ushahidi wa uongo nilikaa kitandani nikipima. Nilijiambia kuwa huenda kipimo kimekosea, kuwa mtoto mwenyewe ni mzima, na kuwa fedha zimekwisha kwenda. Mke wangu akaniuliza swali moja: "Mama mdogo ana kifua kibovu. Tukamwamkie kwa mkono upi?"

Nikamwambia basi aende yeye peke yake, kwani cheti chake ni safi. Akasema, "Mimi na binti yangu tumekuwa jikoni pamoja siku zote hizi. Cheti kinasema niko salama Jumatatu. Kesho kutwa je?" Akayafungua mabegi. Vitumbua tukavila sisi wenyewe asubuhi, na hakuna aliyezungumza.

Mama mdogo alifariki Februari 2022. Haukuwa ugonjwa huu. Ulikuwa uzee na maradhi yake ya zamani. Alizikwa siku ile ile, na mke wangu aliisikiliza hitima kwa simu, ameketi kwenye mkeka hapa Kisauni. Mwezi wa Machi, Kenya na Tanzania zote mbili zikawaondolea sharti la kipimo wasafiri waliokamilisha chanjo. Wiki chache tu zilitutenga na heri ile. Kwa hiyo sitawaambia kuwa subira yetu ililipwa hapo hapo, wala kuwa masharti yale hayakutudhuru. Yalitudhuru.

Katika siku zile za msiba nilirejea kisa mnachokijua. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akapewa habari kuwa tauni imeingia huko. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kuwa anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu na kuiendea kadari Yake nyingine. Ndipo Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaja na hadithi ya Mtume (S.A.W.), kwamba ardhi yenye tauni haiingiwi na aliye nje, wala haikimbiwi na aliye ndani. Imo katika Bukhari na Muslim.

Hadithi hii tumeisikia mara nyingi, na wengi tuliisoma kwa sauti mwaka 2020. Tulifikiri inawahusu makhalifa na majeshi. Kumbe ilikuwa inaihusu nyumba yetu ya vyumba viwili, usiku wa Jumanne, mabegi yakiwa mlangoni. Aliyekuwa ndani alitakiwa asitoke. Mke wangu aliitekeleza kabla mimi sijaikumbuka.

Likizo iliyofuata tulisafiri. Tulivuka feri ya Likoni kungali giza, tukashika njia ya Kwale hadi Lungalunga. Pale mpakani na Horohoro tulionyesha vyeti vya chanjo na kadi za homa ya manjano, tukagongewa mihuri, tukapita. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam watoto walilala. Siku ya pili tukapanda boti, na baada ya saa mbili hivi tukaiona Unguja. Tuliteremka tukaenda moja kwa moja makaburini. Hayo sitayaeleza.

Siku ya tatu watoto walitaka kwenda Changuu, kisiwa kidogo kinachotazamana na Mji Mkongwe, ambacho watalii hukiita kisiwa cha jela. Ngalawa yenye mashine ilitufikisha kwa nusu saa. Wageni huenda kuwatazama kobe wakubwa, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli zaidi ya miaka 100 iliyopita. Watoto wakawalisha majani, wakacheka, na nikafurahi kumsikia mama yao akicheka nao.

Jela yenyewe ilijengwa miaka ya 1890 kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Sultani, lakini haikupata kufungwa mfungwa. Badala yake mahali pale pakawa karantini. Abiria wa meli walioshukiwa kuwa na maradhi kama homa ya manjano walishushwa pale, wakakaa siku kadhaa wakichunguzwa, kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Nilisimama ukutani nikatazama upande wa Unguja. Mji unaonekana wazi, nyumba zake nyeupe ziko mbele ya macho. Nikawaza abiria wangapi walisimama hapa wakiwa na mama mgonjwa ng'ambo ile, au harusi, au maiti inayosubiri kuzikwa, na wasiweze kuvuka. Mke wangu akaja akasimama kando yangu. Akasema, "Hawa nao walikuwa wanahesabu siku." Kisha akanyamaza, lakini kimya kile hakikuwa kile cha nyumbani.

Ndugu zangu, maradhi mengine yatakuja, kwani dunia haijapata kuyakosa. Wenye mamlaka tunawaomba watakapoweka masharti tena wayatangaze mapema, wapunguze bei kwa watoto na kwa jamaa wa mipakani, watoe majibu kwa wakati walioahidi, na nchi jirani ziaminiane kwa vyeti vyao. Sharti lisilo na uadilifu humsukuma mtu mnyonge kwenye karatasi ya uongo, na dhambi yake huwa na wabebaji wengi.

Na sisi wenyewe tujue kwamba cheti kile ni ushahidi. Anayekionyesha anawaambia abenzake wa botini, wazee na wajawazito, kuwa wakae naye kwa amani. Hiyo ni amana. Mwenye kuinunua kwa bei ndogo ameiuza ya kwake na ya wenzake.

Binti yetu ameniuliza mara moja kama yeye ndiye aliyemnyima mama yake kuonana na mama mdogo. Nimemjibu hapana, na mama yake amemjibu hapana, na tutaendelea kumjibu hivyo kila atakapouliza. Kama nyumbani kwako yuko kijana mwenye swali kama hilo moyoni tangu miaka ile, usingoje alitamke.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awaunganishe waliotenganishwa, na atujaalie tuwe amana kwa wenzetu nyumbani na safarini. Amin.

Wabillahi tawfiq.