Lugha ya Bibi na Maswali ya Konsuli

Wazee wetu walinena: Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii twaijua sote, na twaitaja harusini na matangani. Lakini ni nadra kumwona mtu mzima ameketi na daftari, anajifunza asili yake kama mtoto ajifunzavyo hesabu, kwa kuwa siku si nyingi ataulizwa na mkubwa wa serikali. Mimi nimemwona mtu wa namna hiyo. Yafaa niwasimulie, wasomaji wapenzi, maana habari yake ina mafundisho kwa kila nyumba.

Parokia yetu ipo upande wa Meru, si mbali na Tengeru. Wazee wa huku wanakumbuka kwamba zamani palikuwa na kambi ya Wapolandi. Mwaka 1939 Ujerumani na Urusi ya Kisovieti ziliishambulia Polandi na kuigawana. Katika 1940 na 1941 Warusi waliwachukua watu maelfu kwa maelfu, wakawapakia katika mabehewa hata Siberia na Kazakhstan, na wengi wakafa kwa njaa na baridi. Mwaka 1942 baadhi yao waliruhusiwa kutoka. Wakapitia Iran, na kutoka huko wengi, hasa wanawake na watoto, wakaletwa Afrika ya Mashariki. Tengeru ilipokea karibu watu 5,000. Walikaa katika vibanda vya mviringo, wakajenga kanisa na shule, na watoto wao wakafundishwa kwa Kipolandi. Vita ilipokwisha wengi hawakurudi kwao, wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Wengine wamelala hapa hapa, katika makaburi karibu 150 ambayo hata leo yanatunzwa.

Mwaka jana alifika mama mmoja kutoka Uingereza, umri wake kama miaka arobaini. Bibi yake alilelewa kambini Tengeru, na mdogo wake bibi huyo amezikwa pale. Padre aliniomba nimsindikize makaburini. Tulipokwisha kusali mvua ikanyesha, tukarudi ofisini kwangu kunywa chai. Ndipo akatoa daftari lake akaniambia, “Bwana Karani, nimesikia ulisomea ualimu. Tafadhali niulize maswali haya.”

Akanieleza sababu. Serikali ya Polandi ina hati iitwayo Karta Polaka, iliyowekwa na sheria ya 2007. Mwanzo ilikuwa kwa wenye asili ya Kipolandi waliokaa katika nchi zilizokuwa za Kisovieti, na tangu 2019 walio katika nchi nyingine pia wanaweza kuiomba. Si pasi wala si uraia, ila mwenye nayo anaruhusiwa kufanya kazi na kusoma Polandi bila vikwazo vingi. Mwombaji aonyeshe kwamba mzazi, au babu au bibi, au wawili kati ya wazazi wa babu na bibi zake, walikuwa Wapolandi. Kisha aende mbele ya konsuli, ajue Kipolandi walau cha kuanzia, ajue desturi za Wapolandi na kuzishika, na aandike kwa mkono wake kwamba yeye ni wa taifa hilo.

Mimi kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa. Kila juma watu huja kutafuta vyeti, nami najua nguvu ya karatasi. Lakini sheria hii ilinifikirisha. Cheti chaweza kusema bibi yako alikuwa nani. Hakiwezi kujibu kwa niaba yako unapoulizwa wewe u nani.

Basi nikawa konsuli. Bendera ina rangi gani? Nyeupe juu, nyekundu chini. Polandi ilipokea ubatizo mwaka gani? 966, mtawala wao Mieszko alipobatizwa. Ilipata tena uhuru lini? 1918, nao husherehekea tarehe 11 Novemba. Hayo aliyajibu upesi. Nikamwambia aniamkie kama atakavyomwamkia konsuli, akasema, “Dzień dobry, pani,” yaani, “Siku njema, mama.” Alisema kwamba kwao mtu mzima usiyemzoea huambiwi kumwita “wewe”, lazima umwite bwana au mama. Nikacheka, nikamwambia hata kwetu asiyejua shikamoo hajui lugha. Jambo jingine lilinishangaza: Kipolandi hukaza sauti katika silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Lakini miisho ya maneno yao hubadilika mara saba, na hapo ndipo alipotoka jasho.

Nilipomwuliza juu ya Mkesha wa Noeli uso wake ulibadilika. Aliweka daftari chini. Alisema kwamba tarehe 24 Desemba bibi yake hakuruhusu mtu kula mpaka nyota ya kwanza ionekane. Nyasi kavu ziliwekwa chini ya kitambaa cha meza, kukumbuka hori ya Betlehemu. Nyama haikuliwa. Kila mmoja alishika mkate mwembamba kama hostia, uitwao opłatek, akamegea wenziwe na kuwatakia heri. Na kiti kimoja kiliachwa kitupu kwa ajili ya mgeni asiyetazamiwa. Hayo yote aliyasema bila kusitasita.

Nikamwuliza, “Kama desturi unazijua hivi, lugha ilipotelea wapi?” Akasema baba yake alijua Kipolandi vizuri, lakini aliwakataza watoto. Aliona kitawachelewesha shuleni, na Kiingereza chatosha. Bibi alisema nao Kipolandi, nao wakamjibu kwa Kiingereza, mpaka bibi akafa. “Sasa,” akasema, “namlipa mwalimu kila juma anifundishe maneno ambayo bibi alinipa bure nikayakataa.”

Neno hilo sijalisahau. Nalo ni la ajabu zaidi ukijua historia ya taifa hilo. Tangu 1795 mpaka 1918, miaka 123, Polandi haikuwako katika ramani. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana yote. Hakukuwa na mfalme wala serikali yao ya kulinda lugha. Ilikaa jikoni, kanisani na vinywani mwa akina mama. Mwaka 1901, katika mji wa Września uliotawaliwa na Wajerumani, watoto wa shule walichapwa viboko kwa sababu walikataa kujibu masomo ya dini kwa Kijerumani. Kumbe lugha iliyoshinda viboko yaweza kufa kimya kimya nyumbani mwa watu wanaopendana, kwa nia njema ya baba.

Baadaye mama yule aliniandikia barua. Konsuli alimwuliza tarehe chache tu, kisha akataka asimulie Noeli ya nyumbani kwao. Akasimulia, miisho ya maneno ikikosewa huku na huku, lakini alieleweka, naye akapewa hati yake.

Ndugu zangu, sisi hatuitwi na konsuli. Lakini katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza nawauliza watoto jina la babu wa baba yao, nao wananyamaza. Wako wasioweza kuzungumza na bibi zao ila kwa mkalimani, na bibi yumo katika ua ule ule. Kiswahili ni lugha yetu sote, na Kiingereza kina faida yake; hakuna kinachomzuia mtoto kujua na ya tatu. Mimi na mke wangu tumekubaliana: jioni, tangu kuosha mikono mpaka sala ya usiku, nyumbani ni Kimeru tu. Mama yangu ndiye mwalimu, wala hadai ada.

Fanyeni hivyo nanyi, kila mtu kwa lugha ya kwao. Andikeni majina ya wazee katika daftari, waambieni watoto kwa nini jambo fulani hufanywa hivi siku ya sikukuu, na bibi akisema nao, wamjibu kwa maneno yake mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi.