Shangazi na Menyu ya Kaunti

Natengeneza tovuti hapa Tiwi, kaunti ya Kwale, na kwa miaka mingi niliamini kwamba menyu kunjuzi ikiachwa ilivyo ni aibu ya fundi. Ile orodha unayoigusa ikashuka ili uchague kaunti au idadi ya wageni, kila simu huichora kwa namna yake, na mimi sikuipenda hata moja. Nikaing'oa. Mahali pa select, kipengele cha HTML kilichowekwa kwa kazi hiyo, nikapanga visanduku vitupu vya div, nikavipaka buluu ya bahari yetu wakati wa kaskazi, nikavipa kona za mviringo na kivuli, kisha nikaandika JavaScript ya kuvifungua na kuvifunga. Wenye nyumba za wageni walisifu, nami nikazidi kuvipamba.

Aliyenibadilisha ni shangazi yangu. Haoni, sukari ilimwondolea nuru ya macho kidogo kidogo. Simu anaitumia kwa TalkBack, kisoma skrini kinachosoma kwa sauti kilicho chini ya kidole. Siku moja alitaka kujaza fomu ya kikundi chao cha akina mama, fomu niliyoitengeneza mimi mwenyewe. Nikakaa naye barazani. Akatelezesha kidole kulia: jina, sawa. Akatelezesha tena: "Chagua kaunti." Akagusa mara mbili. Mimi niliiona orodha ikishuka, inapendeza kweli. Simu kimya. Akatelezesha tena, sauti ikasema: "Namba ya simu."

"Mwanangu, hizo kaunti ziko wapi?"

Zilikuwa palepale mbele yake, zote 47. Lakini ndani ya msimbo nilikuwa nimeibandika orodha mwisho kabisa wa ukurasa, isije ikafunikwa na visanduku vingine, na kisoma skrini hufuata mpangilio wa msimbo. Wala sikuwa nimeiarifu simu kwamba ile ni orodha, na kwamba imefunguka. Alijaribu mara tatu, kisha akanipa simu. "Haya, nijazie wewe." Mwanamke huyu hata nazi hukuna mwenyewe. Neno lile liliniuma sana.

Usiku nikaifungua kazi yangu upya. Ile select niliyoidharau hutangaza jina lake, chaguo lililopo, na kwamba inafunguka. Kwenye kompyuta, vishale vya kibodi huipandisha na kuishusha, Escape huifunga, na ukiandika "kw" haraka inarukia Kwale, ya mwisho kati ya kaunti 10 zinazoanza na K. Hayo yote yanaweza kuandikwa upya kwa JavaScript na alama za ARIA, zinazokieleza kisoma skrini kila kitu ni nini, na wapo mafundi wanaoyaandika vizuri. Mimi sikuwa nimeandika hata moja.

Nikairudisha. Kisanduku chake nikakivua sura ya simu kwa "appearance: none", nikakipa mpaka wa buluu ileile, kishale changu, nafasi ya kutosha kidole, na maandishi ya pikseli 16, maana yakiwa madogo kuliko hapo iPhone huuvuta ukurasa wote karibu mtu akigusa. Orodha yenyewe nikaiachia simu. Kwa muda mrefu CSS, lugha ya kupamba kurasa, iliishia hapo. Mwaka 2025 Chrome toleo la 135 likaleta "appearance: base-select", na sasa hata orodha inayoshuka naipamba, huku kivinjari kisichoielewa kikionyesha menyu ya kawaida tu. Urembo sijauacha. Naupenda bado, tena sana.

Lakini kesho yake ya usiku ule, baada ya alasiri, nilirudi barazani. Shangazi akagusa mara mbili, sauti ikaanza: Baringo, Bomet, Bungoma. Nikataka kumsaidia afike haraka, akauondoa mkono wangu. Alizipita moja moja, bila pupa. Aliposikia Kwale akagusa, na kabla sijasema neno alikuwa ameshafika kwenye namba ya simu.